Gari Lililogonga Ng'ombe

Mama Bodi alilinyoosha bonyeo la madigadi ya kushoto, bati la juu ya gurudumu la mbele, asubuhi, kabla jua halijafika kwenye meza ya vifaa. Aliligonga kutoka ndani kwa nyundo ya mpira, akalisawazisha kutoka nje kwa nyundo ndogo ya chuma, kisha akafumba macho na kupitisha kiganja, kwa sababu jicho huongopa na kiganja hakiongopi. Bati lilikuwa limelala kama shuka iliyopigwa pasi. Akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akaenda kunywa chai. Aliporudi, bonyeo lilikuwa limerudi.

Hakulitilia maanani. Bati la zamani lina ukaidi wake, kama wazee. Akalinyoosha tena, akaenda kumsaidia mteja kufunga mlango wa pikapu, akarudi, akalikuta palepale: refu kuliko lilivyo pana, limeinama kidogo kuelekea kwenye taa, kina chake cha kuenea nyonga ya mtu.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la michezo, la Kiingereza, rangi ya kijani kibichi ya chupa. Lilikuwa na viti viwili, paa la turubai, na boneti ndefu iliyofungwa mkanda wa ngozi kama mwanamume mwenye kitambi. Mwenyewe alikuwa daktari wa meno. Baba yake ndiye aliyeshinda nalo rali kubwa enzi zile barabara zikiwa za vumbi, na sasa Daktari alitaka kuliingiza katika rali ya magari ya zamani, yeye ashike usukani na Mzee akae pembeni. Kwa hiyo gari lilivuliwa nguo zote. Fundi injini, aliyegawana uwanja wa gereji na Mama Bodi, alikuwa ameshalitengeneza kabureta zote mbili, amelifunga taa nne kubwa mbele na bamba nene la chuma chini ya tumbo ili mawe yasitoboe tangi la mafuta. Mama Bodi kazi yake ilikuwa bati na rangi.

Hadithi ya bonyeo aliijua tangu siku gari lilipoletwa. Kila mtu aliijua. Siku ya mwisho ya ile rali, Mzee akiwa anaongoza, alimgonga ng'ombe kwenye kona, akaendelea na taa moja mpaka mwisho, akashinda. Daktari aliwasimulia wagonjwa wake wote, na mtu aliyefunguliwa mdomo hawezi kukatiza hadithi.

"Ng'ombe mzima!" Daktari alikuwa amesema huku akilipapasa bonyeo. "Na Mzee hakutoa mguu kwenye mafuta."

Bonyeo liliporudi kwa mara nyingine, Mama Bodi hakwenda kunywa chai. Alivuta debe tupu, akakaa kulilinda.

Alasiri aliingia kijana mmoja getini. Shati lake lilikuwa limejaa vumbi jekundu, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna. Alipita katikati ya magari bila kuuliza, akafika, akaegemeza nyonga yake kwenye madigadi ya kushoto. Bati likabonyea bila sauti. Akashusha pumzi ndefu, ingawa baada ya hiyo hakuvuta nyingine.

"Kijana," alisema Mama Bodi, "hapo nanyoosha."

"Shikamoo, mama. Unisamehe. Hapa ndipo ninapoenea."

"Marahaba. Huna pengine pa kuegemea?"

"Nimejaribu."

Fundi injini alijisukuma kutoka chini ya gari, akamtazama kijana kuanzia ndala mpaka nywele. Vumbi lile halikuwa la hapo. Barabara zote za karibu zilikuwa na lami tangu yeye hajajifunza kushika spana.

"Mama Bodi, huyu marehemu ni wako?"

"Sijui ni wa nani. Amekuja na gari."

"Haya," alisema fundi injini, akarudi chini ya gari. "Mwambie asikanyage hizo nati."

Kijana alikuwa na adabu, ila hakutulia. Alipewa kigoda akakaa, akainuka. Akaenda mpaka getini, akarudi. Kila baada ya kitambo mwili wake mzima ulitetemeka, kuanzia kichwani kwenda miguuni, na chai aliyopewa ikamwagika kwenye sahani. Ilipokuwa hivyo, spana zilizoning'inia ukutani nazo ziligongana, na Mama Bodi akajikuta anahama kutoka mguu huu kwenda mguu ule, kama mtu mwenye haja.

"Una homa?" alimuuliza.

"Ni malori. Walinizika kando ya barabara, haraka haraka, si kirefu. Baadaye barabara ikapanuliwa. Sasa niko katikati kabisa ya njia ya malori. Tangu waweke lami sijapata usingizi."

"Pole."

"Nimeshapoa. Lakini si hilo lililonileta. Nimekuja kuomba wasiseme ng'ombe."

Akaeleza, akiwa amesimama, huku akikunja na kukunjua mkono wa shati. Alikuwa anamvusha ng'ombe wake. Gari likatokea kwenye kona likiwa linakwenda upande upande. Ng'ombe alikata kamba akakimbia, yeye hakuwahi. Gari likasimama mbele kidogo, dereva akashuka, akaitazama taa, akamtazama yeye. Msoma ramani wa gari lile, ambaye siku hizi ni marehemu wa kawaida asiyetoka, alisema wamebakiwa na muda mdogo. Wakaondoka. Waliokuja nyuma na gari la huduma ndio waliomfukia.

"Na uliyajuaje waliyosema huko mbele?"

"Nilikuwa bado nimo kwenye madigadi, mama. Kwa namna fulani. Nilifika naye mpaka mwisho. Wakamuuliza, taa imekuwaje? Akasema, ng'ombe. Watu wakapiga makofi."

Mama Bodi alichukua msasa, akauweka chini, akauchukua tena.

"Huyo ng'ombe wako alikuwa wa rangi gani?"

"Mweusi. Ana baka jeupe kwenye jicho, kama aliyepakwa chokaa."

Hapo Mama Bodi aliacha kuhamahama. Ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe alikuwa amemjua toka kutambaa. Mama yake alimsimulia mara nyingi, kila mara kwa maneno yaleyale, jinsi ng'ombe huyo alivyorudi nyumbani peke yake jioni moja akiburuta kipande cha kamba. Kesho yake walikuja watu waliovaa makoti yenye beji, wamepakia ndama. Wakasema, poleni sana, tumewaulia ng'ombe wenu. Ng'ombe mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yao anacheua. Mama yake akauliza, na aliyekuwa anamwongoza? Wakasema hawakuona mtu. Wakaacha ndama, wakaenda zao.

Hivyo nyumba ikawa na ng'ombe wawili na haina baba. Mahali ambapo mtu hakugongwa hapawezi kuwa na marehemu, kwa hiyo majirani walitafuta maelezo mengine, wakayapata: mume ametoroka, kafuata mwanamke, au kafuata hayo magari. Mama Bodi alikua kwa maziwa mengi na kwa jina la mtoto wa mtoro. Wakwe zake walilitaja jina hilo siku ya posa. Mama yake alikwenda nje kukamua.

"Una mtoto?" aliuliza.

Kijana alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Wa kike. Bado hajaanza kusema, anapiga kelele tu. Ana kovu hapa," akagusa ndani ya kiwiko chake, "aliponyoka akaangukia jiko. Mama yake alinigombeza juma zima."

Mama Bodi alikunja mkono wa ovaroli. Kovu lilikuwa limetanuka kwa miaka, limepauka, limezungukwa na madoa ya rangi za magari, lakini lilikuwa na umbo la kifuniko cha jiko kama lilivyokuwa mwanzo. Kijana alilitazama. Kisha akautazama uso wa yule mama wa makamo, mvi zake, miwani yake iliyofungwa waya.

Wakasema wote wawili kwa pamoja, "Shikamoo."

Hakuna aliyejua nani amwitikie nani.

"Marahaba," aliitikia fundi injini kutoka chini ya gari, kwa kuwa salamu haiachwi hewani.

Jioni hiyo Mama Bodi alimchukua nyumbani. Kijana alitembea vyumba vyote. Alijaribu kuegemea kabati, mwimo wa mlango, friji, hakuenea popote. Vikombe viligongana usiku kucha, jirani akagonga ukuta. Mama Bodi alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, na kila alipofungua kinywa alianza na "kijana," kwa maana ulimi wake haukuwa na njia nyingine, naye alimjibu "naam, mama." Kulipopambazuka kijana aliomba ruhusa ya kurudi gereji.

Daktari alikuja baada ya kupigiwa simu. Alisikiliza yote akiwa amesimama, mikono nyuma. Alikuwa mtu mwenye malezi. Alimpa marehemu mkono, akasema pole sana, na kwa mazoea akamtazama mdomoni.

"Una meno mazuri," alisema. "Lakini mimi sikuwepo. Hili ni la Mzee. Nitamleta."

Mzee aliletwa siku iliyofuata, amevaa tai, fimbo yake ina pete ya fedha. Mkaguzi wa rali alikuwa tayari pale, na picha za zamani kwenye bahasha, kwa sababu gari la rali hiyo halina ruhusa ya kuwa tofauti na lilivyokuwa enzi zake. Mzee hakumjali mkaguzi. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa kijana aliyeegemea madigadi, akamkazia macho.

"Nakukumbuka," alisema. "Shati ni hilohilo."

"Shikamoo, mzee," alisema kijana.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, ila silali."

"Hata mimi. Uzee." Mzee alitafuta pa kukaa, Mama Bodi akampa debe lake. "Haya, nimeambiwa unanitaka."

Malori yalikuwa yakipita huko kaburini, kijana anatetemeka. Mama Bodi akamsemea.

"Anataka useme mtu, Mzee. Neno moja tu. Siku ya rali, mbele ya watu, unapoulizwa bonyeo hili la nini, useme tuligonga mtu. Jina lake nitakupa mimi."

Mzee alizungusha pete ya fimbo yake kwa muda.

"Binti yangu, nitakwambia kweli. Niliulizwa nikiwa na haraka. Nikasema ng'ombe kwa sababu ng'ombe ndiye aliyekuwa wa mwisho kupita machoni pangu. Sikupanga. Baadaye ikawa imeshasemwa, watu wameshacheka, kombe limeshatolewa. Sasa wamezaliwa wajukuu ndani ya hadithi hiyo. Nikibadilisha leo nitawachanganya watu wengi ambao hawajanikosea kitu."

"Mama yangu alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Ndiyo maana ndama nilimchagua mwenyewe, sikutuma mtu." Mzee aliinua uso, na kwa mara ya kwanza alionekana kutaka kujua jambo. "Alikuwa ndama mzuri?"

"Alikuwa mzuri," alisema Mama Bodi, kwa kuwa ilikuwa kweli, na mara tu aliposema alitamani kujing'ata ulimi.

"Basi," alisema Mzee. Akaridhika.

Mkaguzi aliomba radhi kwa kuingilia. Alikuwa analinganisha picha na bati. Alimwomba kijana asogee kidogo, akapima. Akamwomba aegemee tena, akapima, akasema hivyo ndivyo hasa. Bonyeo limo kwenye picha ya siku ya ushindi, na kwa hiyo ni sehemu ya gari. Lisinyooshwe. Likinyooshwa, gari litapoteza hadhi ya uasili. Akampongeza Mama Bodi kwa kutolinyoosha.

"Na huyu?" aliuliza Daktari kwa sauti ya chini. "Kanuni zinasemaje?"

Mkaguzi alifikiri. Akaagiza gari lipandishwe kwenye mizani ya magurudumu, kijana akiwa ameegemea. Kisha likapimwa kijana akiwa amesimama pembeni. Mizani haikutikisika.

"Hana uzito," alisema mkaguzi. "Anaweza kwenda na gari."

Daktari alifurahi, na furaha ikamletea wazo. Akamwambia Mama Bodi achore kando ya bonyeo, kwa rangi nyeupe, picha ndogo ya ng'ombe. Mashabiki wangependa. Mama Bodi alisema sawa. Fundi injini alimtazama, akajua kwamba sawa ile si sawa.

Alichora siku mbili, akifuta na kurudia. Alichora ng'ombe mwenye baka kwenye jicho. Mbele ya ng'ombe akachora kamba, na mwisho wa kamba akachora mtu, shati limejaa upepo, mguu mmoja una ndala. Kijana alikuja kutazama.

"Umenifanya mrefu," alisema.

"Ndivyo mama alivyosema ulikuwa."

"Mama yako alikuwa mfupi. Kila mtu alikuwa mrefu kwake." Akacheka, spana zikalia ukutani. Halafu akawa hana raha tena, akaenda getini, akarudi. "Nimesikia rali itapita pale kwenye kona. Sasa wamepawekea na kibao. Panaitwa Kona ya Ng'ombe."

"Nani alikwambia?"

"Daktari. Alidhani nitafurahi. Nitakwenda nao, mama. Labda nikifika nitajua pa kushukia."

"Ukikosa?"

"Nitarudi. Si unajua ninapoegemea."

Mama Bodi alitaka kumkatalia. Mwanamke wa umri wake anaweza kumkataza kijana wa umri ule jambo lolote. Lakini alikumbuka kwamba hana mamlaka hayo, kwa mahesabu mengine yeye ndiye mtoto, akaishia kumshonea kifungo cha shati kilichokatika.

Asubuhi ya rali uwanja ulijaa. Magari ya zamani yalipangwa kwenye nyasi, boneti zimefunguliwa, wenyewe wameinama juu yake. Mama Bodi na fundi injini walisimama nyuma ya kamba pamoja na watu wengine. Walipoliona gari la kijani likisogea kwenye jukwaa la kuanzia, Mama Bodi alitafuta picha yake. Ng'ombe alikuwepo, mweupe, anang'aa. Kamba ilikuwepo. Mwisho wa kamba palikuwa pamebandikwa tangazo la mfadhili, mswaki na dawa ya meno, mraba uliotosha kumfunika mtu mzima pamoja na ndala yake.

"Labda hawakuona," alisema fundi injini.

"Wameona. Hiyo kamba wameikata vizuri sana."

Kijana mwenyewe alikuwa amekaa juu ya madigadi, nyonga imeenea kwenye bonyeo, mkono mmoja umeshika mkanda wa ngozi wa boneti. Miguu yake ilikuwa inachezacheza. Watu wa mbele walimwona, wakawasogeza watoto wao pembeni wasimzuie kuona njia. Mpiga picha mmoja alimwomba ainamishe kichwa kidogo ili namba isomeke, naye akainamisha.

Mtangazaji alishika kipaza sauti. Akataja jina la Daktari. Akataja jina la Mzee, na watu wakasimama. Akasema, hili sasa ndilo lile gari, mabibi na mabwana, gari lililogonga ng'ombe likashinda! Akampelekea Mzee kipaza sauti dirishani, akamuuliza kama mtu anayejua atakachojibiwa:

"Mzee, hebu tuambie tena, bonyeo hili la nini?"

Mama Bodi alishika kamba kwa mikono miwili. Mzee alikohoa. Alimtazama kijana juu ya madigadi, ambaye naye alikuwa amegeuza shingo kumtazama, na kwa kitambo hivi ilionekana kwamba jambo linaweza kutokea, kwa sababu Mzee alifungua kinywa akakifunga, akakifungua.

"Ng'ombe," alisema.

Uwanja mzima ukalia kama ng'ombe. Ilikuwa desturi ya mashabiki wa gari lile, hata watoto waliijua. Walikunja viganja mdomoni na kulia, sauti nzito zikitoka nyuma na nyembamba zikitoka mbele. Bendera ikainuliwa. Daktari akakanyaga mafuta, taa nne zikatetemeka, moshi ukatoka, na madigadi ikatetemeka pamoja na aliyekuwa juu yake, ingawa hapakuwa na lori lolote.

Mama Bodi alisikia kitu kikipanda kutoka tumboni. Kilikuwa kimekaa humo tangu alipokuwa anapiga kelele tu. Akakitoa kwa sauti iliyopita ile milio yote.

"Baba!"

Bendera ikashuka. Mzee, kwenye kiti cha pembeni, alisikia akiitwa na mwanamke wa umri wa mabinti zake, akageuka, akainua fimbo kumshukuru. Gari likachomoka.

Kijana juu ya madigadi hakugeuka. Alikuwa ametazama mbele, ameshika mkanda kwa mikono miwili sasa. Hakuwa amewahi kuitwa kwa jina lile.